Kimea cha Songea

Ukiuliza Songea mjini wapi kuna komoni nzuri, hutaelekezwa baa wala duka. Utatajiwa mtu. Utaambiwa shika njia ya Lizaboni, ulizia kwa mama fulani, na ukifika uwe na subira kwa sababu pombe ya leo huenda bado inachujwa. Ukimdadisi anayekuelekeza kwa nini huyo na si jirani yake, jibu mara nyingi huwa fupi: kimea chake.

Nchini kwetu habari za pombe ya kienyeji karibu zote ni habari za wanywaji. Nani kalewa, nani kapigana, kilabu gani kimefungwa na bwana afya. Habari hizo zina mahali pake, na madhara ya ulevi majumbani mwetu hayastahili kufichwa. Lakini nyuma ya pipa yuko fundi, na fundi huyo, ambaye Ruvuma karibu siku zote ni mwanamke, haandikwi. Kazi yake huchukua wiki nzima au zaidi, anaifanya bila kipimajoto wala kitabu, na akikosea hakuna kurudi nyuma. Nataka kuitazama kazi hiyo bila haraka, hasa sehemu yake ya kwanza, ile ya kuotesha ulezi uwe kimea, kwa sababu naamini ndiyo ufundi mkubwa kuliko wote unaofanywa kwa nafaka katika mkoa huu.

Tuanze na punje yenyewe. Ulezi, ambao ndugu zetu wa Kenya huuita wimbi, ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Wanahistoria wa mimea wanakadiria kuwa ulianza kulimwa katika maeneo ya kati ya Ethiopia na Uganda miaka ipatayo 5,000 iliyopita, na baadaye ukavuka bahari hadi India, ambayo leo ndiyo inayoulima kwa wingi kuliko nchi yoyote. Mahindi, yaliyoufanya mkoa wa Ruvuma kuwa mmoja wa maghala ya taifa, ni mgeni aliyetoka Amerika na kuletwa kwetu baada ya Wareno kufika pwani. Punje ya ulezi ni ndogo mno: punje 1,000 hazifiki gramu 4. Kwa udogo huo haikobolewi kama mahindi. Huliwa nzima pamoja na ganda lake, na hiyo ni sababu moja ya utajiri wake wa kalisi, takriban miligramu 340 katika kila gramu 100, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii hata kidogo.

Udogo huohuo unaulinda. Fukusi hapati nafasi ndani ya punje ya kiasi kile. Dumuzi, mdudu aliyeanzia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuenea nchi nzima akigeuza mahindi kuwa unga ndani ya kihenge, ulezi haumfai. Ulezi uliokaushwa vizuri hukaa miaka mingi na bado ukaota. Mtu wa Songea anajua uzito wa jambo hilo. Katika Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, Wajerumani hawakuishia kumnyonga Nduna Songea Mbano na wenzake mwaka 1906; walichoma mashamba na maghala ya Ungoni, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Nafaka inayoweza kungoja ni mali ya namna yake katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo.

Shambani, hata hivyo, ulezi ni mtoto msumbufu. Unapenda ardhi iliyofyekwa na kuchomwa, yenye majivu. Una ndugu wa porini anayefanana nao tangu jani la kwanza, na palizi yake ni ya macho zaidi kuliko ya jembe: mpaliliaji huinama akitafuta tofauti ya rangi chini ya shina au namna jani lilivyolala, kwa sababu akisubiri hadi masuke yatoke, gugu limeshakula mbolea yote. Kuvuna ni kwa kisu, suke kwa suke, maana hayaivi siku moja. Masuke hulundikwa siku kadhaa yapate joto ndipo yapigwe kwa fimbo, kisha yapepetwe kwa ungo mpaka vumbi lile lenye kuwasha liishe. Ukijua hayo, hutashangaa kwa nini vijana wengi wamehamia kwenye mahindi, wala hutashangaa kwa nini debe la ulezi sokoni lina bei yake.

Aina za kienyeji ni nyingi, na mpishi wa pombe hachagui ovyo. Anataka ulezi wa kahawia uliokolea au mwekundu. Ule mweupe ni mzuri kwa uji wa mtoto, lakini ukiuotesha hushikwa na ukungu upesi. Maabara zimeeleza sababu: ganda la ulezi wa kahawia lina kemikali za ukakasi, jamii moja na zile za majani ya chai, na hizo huzuia ukungu wakati punje imelowa. Wapishi walifika hapo kwa kuangalia magunia yao yaliyoharibika na yale yaliyosalimika.

Sasa kimea. Ulezi huoshwa, mchanga ukaachwa chini ya beseni, ukalowekwa usiku kucha, pengine hadi siku nzima. Maji hubadilishwa. Kisha humwagwa, na ulezi uliolowa huwekwa kwenye gunia au huviringishwa katika majani ya mgomba, ukafunikwa na kupewa kivuli. Asubuhi na jioni hunyunyiziwa maji. Ukieleza hivyo mbele ya watu, kazi inaonekana nyepesi. Ngoja siku ya pili, ingiza mkono kwenye gunia. Utakuta joto.

Punje inayoota inapumua, na zikiwa maelfu kwa maelfu mahali pamoja, pumzi hiyo hugeuka moto wa polepole. Joto likizidi, zilizo katikati ya gunia hufa na kuanza kunuka uvundo huku za pembeni zikiwa bado hazijaamka. Likipungua, mbegu husinzia na ukungu hupata nafasi. Kwa hiyo mpishi hugeuza. Hufungua gunia, huvunja kwa vidole vitonge ambavyo mizizi imevishika, hupeleka za ndani nje na za nje ndani, hunyunyiza, hufunika tena. Juni na Julai, Songea ikiwa katika baridi yake ya urefu wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, gunia hilohilo husogezwa karibu na jiko na muda huongezwa. Novemba, kabla ya mvua kushika, joto ni jingi na siku hupunguzwa. Hakuna idadi ya saa anayoweza kumpa binti yake. Anachompa ni kumshika mkono na kuuingiza guniani pamoja na wake, mara baada ya mara, hadi binti ajue mwenyewe.

Linafuata jambo gumu kuliko yote, nalo ni kujua wakati wa kukomea. Ndani ya punje mbegu imeanza kutengeneza vimeng'enya, vile vya kugeuza wanga kuwa sukari, kwa nia ya kumlisha mche wake. Mpishi anavitaka vimeng'enya hivyo viwe vingi kadiri iwezekanavyo, lakini hataki mche uile sukari. Kati ya nia ya mbegu na nia ya mpishi kuna muda mfupi, labda nusu siku. Anatafuta kizizi cheupe kilichojitokeza vyema na kichipukizi kilichoanza kunyooka, kabla jani halijawa la kijani. Akiona kijani amechelewa: sukari imeanza kuliwa, na pombe itakuwa nyepesi. Akiwahi mno, kimea kitakuwa kigumu kama ulezi wa kawaida na hakitafanya kazi.

Kikifika, hutandazwa juani kwenye mkeka au turubai, tabaka jembamba, na kugeuzwageuzwa hadi kikauke kiasi cha kulia kikisuguliwa mkononi. Jua letu lina faida hapa. Linakausha bila kuunguza, hivyo vimeng'enya vinabaki hai ndani ya punje vikisubiri maji. Mizizi iliyokauka husuguliwa na kupepetwa. Kisha fundi huweka chembe chache mdomoni, akatafuna taratibu mate yakizichanganya. Kimea kizuri huanza na vumbi, halafu utamu unakuja nyuma ya ulimi na kuongezeka. Kama utamu haukuja, gunia zima limekwenda kwa kuku.

Kwa kusaga, wengi hutumia mashine ya mtaani siku hizi. Wako wanaoshikilia kinu au jiwe, na wana hoja: mashine inayozunguka kwa kasi hutoa unga wa moto, na kimea hakipendi moto kabla ya wakati wake. Nimeonja pombe za njia zote mbili na naegemea upande wa kinu, ingawa nakiri mgongo wangu haukuwa ndio uliotwanga.

Kazi hii ina ndugu mbali sana na Songea. Huko Uskoti, wiski ya shayiri huanza vilevile: shayiri hulowekwa, humwagwa sakafuni, huota, hugeuzwa kwa koleo za mbao mchana na usiku isipate joto, hukomeshwa kabla mche haujatoka nje ya punje, hukaushwa. Viwanda vichache vinavyoendelea kugeuza shayiri kwa mikono hutembeza watalii na kuwaonyesha sakafu hiyo kwa fahari, na chupa zao huuzwa ghali kwa sababu hiyo. Kati ya nafaka za nchi za joto, ulezi unahesabiwa na wataalamu wa pombe miongoni mwa zile zinazotoa kimea chenye nguvu karibu na cha shayiri. Fundi wa Lizaboni na fundi wa Uskoti wangekutana mbele ya gunia lililofunguliwa siku ya pili, wangeelewana bila mkalimani.

Nguvu ya kimea huonekana kwa macho pale kinapokutana na uji. Unga wa mahindi umepikwa ukawa uji mzito kiasi kwamba mwiko unasimama wenyewe. Umeepuliwa, unapoa. Mpishi anachovya kidole. Kama analazimika kukitoa mara moja, anangoja. Kama anaweza kuhesabu kidogo kabla ya kukitoa, wakati umefika. Anamwaga kimea konzi kwa konzi, huku akikoroga kwa mwiko mrefu toka chini kwenda juu. Kwa muda hakuna kinachotokea. Halafu mwiko unaanza kwenda bila kusukumwa. Madonge yanalegea, rangi inageuka kutoka nyeupe kuwa ya udongo mwekundu, na ndani ya dakika chache uji ule uliosimamisha mwiko unamiminika. Hayakuongezwa maji hata kata moja. Ukionja utadhani umetiwa sukari.

Vitabu vya kemia vinasema vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vizuri zaidi kati ya nyuzi 55 na 70 za Selsiasi, na vikipita 80 vinakufa. Kidole cha mpishi kinasema hivyohivyo. Kimea kikiingia kwenye uji unaochemka, kimepikwa. Kitabaki unga wa kahawia usio na kazi. Kikiingia kwenye uji wa baridi, vijidudu vya uchachu vitatangulia na pombe itakuwa kali ya ndimu kabla ya kuwa pombe.

Serikali iliwahi kuutambua ufundi huu, kwa njia nyingine. Mwaka 1983, A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na mwenzake U. Svanberg walichapisha utafiti kuhusu kutumia unga wa nafaka iliyooteshwa katika uji wa watoto. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Uji mwepesi anaoweza kuumeza hauna chakula cha kutosha, na uji mzito wenye chakula haumezeki. Kijiko kimoja cha kimea kinaondoa shida hiyo, kwa kuwa unapika uji mzito wenye unga mwingi kisha unaulegeza bila kuongeza maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wilbald Lorri, wa taasisi hiyohiyo, pamoja na Svanberg huyo, walionyesha kuwa watoto wa vijijini waliolishwa uji uliochachishwa kwa mtindo wa togwa walipata kuhara mara chache kuliko wenzao. Maarifa hayo yote yalitoka kwenye majiko ya akina mama wanaopika pombe na togwa. Watafiti walikwenda kuyapima, na wakakuta yako sawa.

Togwa inastahili neno, maana bila yake picha ya Songea haitimii. Ni kinywaji cha watu wote: watoto, wagonjwa, walokole, Waislamu wa Majengo, watawa wa Peramiho. Mwanzo wake na mwanzo wa pombe ni mmoja, uji na kimea, ila togwa hunywewa mapema, uchachu ukiwa umeshika na kilevi bado. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakiongozwa na J. K. Mugula walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kuichunguza: ndani ya saa 24 uchachu ulikuwa umeishusha pH kutoka zaidi ya 5 hadi chini ya 3.5, kiwango ambacho vijidudu vingi vya maradhi havikiwezi. Walikuta jamii kadhaa za bakteria wa maziwa mgando na za hamira, zikiwamo zile zinazoumua mkate. Hakuna aliyezinunua dukani. Zilikuwa kwenye kimea chenyewe na kwenye chombo, na hii ndiyo sababu wapishi wengi hawasugui chungu cha pombe kwa sabuni. Hukisuuza kwa maji na kukianika, na machicha kidogo ya mpiko uliopita hurudishwa kuanzisha mpya.

Kutoka hapo njia zinagawanyika. Ugimbi, jina linalojulikana kuanzia kwa Wangoni hadi kwa Wabena na Wahehe, kwa desturi ni pombe ya ulezi, nzito na ya rangi ya udongo. Komoni ya mjini huanzia kwa mahindi na ulezi huingia kama kimea. Wako wanaolowanisha unga siku kadhaa uchachuke, kisha wakaukaanga kwenye bati hadi unukie kama mkate, jambo linalofanywa pia na wapishi wa busaa magharibi mwa Kenya. Kilimanjaro, mbege ya ndizi haikamiliki bila kimea cha ulezi na ukakasi wa gome la msesewe. Nafaka moja, iliyooteshwa kwa namna moja, inabeba pombe za makabila yasiyoelewana lugha. Nguvu za pombe hizo hazitishi: kwa kawaida kilevi huwa kati ya asilimia 2 na 5. Nazo zina umri mfupi. Komoni ya asubuhi ni tamu, ya mchana ni pombe, ya kesho yake ni siki. Kwa sababu hiyo haisafiri, haitangazwi, na haiwezi kuwekwa akiba. Mpishi anapima watu wake kabla ya kupima unga.

Zamani watu hao walikuwa wakulima waliokuja kumsaidia jirani. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyekaa na Wandendeule wa wilaya ya Songea miaka ya 1950, alieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1971 jinsi ndugu na majirani walivyokusanyika kulima shamba la mmoja wao, kisha la mwingine, na mwenye shamba akiwapa pombe. Kwa mpango wa namna hiyo, mke asiyejua kimea aliiweka familia yake katika hatari ya kweli: wasaidizi wangekuja mwaka huu, mwakani wangekuwa na udhuru. Ekari zilizolimwa zilitegemea gunia lililogeuzwa kwa wakati. Siku hizi vibarua hulipwa fedha, na pombe imehamia vilabuni, ambako imelipia ada na sare za wanafunzi wengi kuliko mikopo ninayoisikia ikitangazwa.

Sasa lipo swali linaloletwa na vijana waliosoma, nalo ni la haki. Kama wenzetu duniani wanatengeneza pombe kali kwa nafaka za asili, kwa mapipa madogo na kwa bei kubwa, kwa nini Songea isifanye hivyo kwa ulezi? Kitaalamu hakuna kizuizi. Pombe ya ulezi ikichemshwa, kilevi hutangulia kuwa mvuke kabla ya maji, na mvuke ukipozwa unapata kitu kikali, chenye harufu ya nafaka iliyookwa. Kila mtu anajua hivyo, kwa kuwa kinafanyika gizani na jina lake ni gongo.

Sheria ya utengenezaji wa moshi, yaani gongo, ilipitishwa mwaka 1966, na mtambo wa kienyeji usio na leseni ni kosa. Pombe kali halali tunayoijua zaidi, Konyagi, yenye kilevi cha asilimia 35, inatoka kiwandani Dar es Salaam na asili yake ni miwa. Uganda ilichukua njia tofauti kidogo: sheria ya enguli ya 1965 iliwataka wapishi wa vijijini wauze kwa kiwanda, na hapo ndipo Uganda Waragi ilipozaliwa. Kenya ilihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010, miaka 10 baada ya sumu iliyoua watu zaidi ya 100 Nairobi mwezi Novemba 2000. Uskoti ya kina babu wa wiski nayo ilikuwa nchi ya mitambo ya kujificha milimani, mpaka sheria ya 1823 ilipopunguza ushuru. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akachukua leseni, na wengi wakafuata.

Hatari nayo isemwe waziwazi. Nafaka yenyewe hutoa methanoli kidogo sana. Watu wanaopofuka na kufa mara nyingi wameuziwa pombe iliyoongezwa methanoli ya viwandani na mfanyabiashara anayetaka faida ya haraka. Lakini mtambo wa bati kuukuu na risasi ya kulehemu una sumu zake, na kilevi cha asilimia 40 au 50 hakimwachii mnywaji muda wa kushiba kama komoni inavyomwachia. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali tarehe 1 Machi 2017, wengi wetu tuliokuwa tumeona wanafunzi wakivitoa mfukoni tulishukuru. Kwa hiyo sina haraka na mtambo. Nikiambiwa nichague kipi kilindwe kwanza, gunia lenye ulezi unaoota au shaba ya kukamulia mvuke, nachagua gunia. Shaba inanunuliwa popote penye fedha. Mkono unaojua joto la siku ya pili haununuliki, na tukiuacha ukapotea, kiwanda kitakachokuja kitaagiza kimea kutoka nje huku kikibandika picha ya ulezi kwenye chupa.

Na mkono huo unaweza kupotea, pamoja na ulezi wenyewe. Ugonjwa wa kukauka masuke hupunguza mavuno vibaya. Aina zilizoboreshwa, U15 na P224, ziliidhinishwa nchini mwaka 2012 na zinamsaidia mkulima, ila mpishi naye angesikilizwa kuhusu zipi zinaota sawasawa. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtama na Nafaka za jamii yake, ulezi ukiwamo. Mikutano ilifanyika, lakini bei ya kimea pale sokoni inapangwa kama vile ni ulezi wenye vumbi. Kopo la kimea linauzwa kwa nyongeza ndogo tu juu ya kopo la ulezi, na nyongeza hiyo ndiyo malipo ya siku zote za kugeuza, kunyunyiza, kukausha na kuamka usiku. Hayo ni malipo ya kibarua kwa kazi ya bingwa.

SIDO ina ofisi Ruvuma, na kazi yake tangu 1973 ni kuhudumia viwanda vidogo. Kikaushio safi cha kimea kisichotegemea mvua kukatika, mfuko wenye jina la aliyeotesha, na kiwango cha TBS, shirika la viwango, kinachokitambua kimea kama bidhaa, haya hayahitaji mfadhili mkubwa. Kimea kikavu kinasafiri hata kama komoni haisafiri: mama mwenye mtoto mchanga Dar es Salaam anakihitaji, muuza togwa wa Makambako anakihitaji, mpishi wa mbege wa Marangu anakihitaji. Na wewe kijana unayechora ramani ya kiwanda chako cha pombe kali ya nafaka, omba leseni, lipa kodi, weka maabara. Kisha nenda Lizaboni na Bombambili, piga hodi, amkia, uombe kufundishwa. Kimea ununue kwao, kwa bei ya fundi, na majina yao uyaandike kwenye chupa.